Somo la 14: Mungu Anakupenda Wewe kwa Jina Lako

Tumsifu Yezu Kristu. 

Juma lililopita tulifundisha ya kuwa Mungu ni Baba. Jibu la katekisimu mnalijua. Hata watoto wa komunyo ya kwanza hulitamka pasipo kukosa. Lakini baada ya Misa mama mmoja alitungojea mlangoni mwa kanisa, akatuambia: «Padri, ninasadiki kwamba Mungu anapenda watu. Bali mimi, sijui kama ananitazama.» Neno hilo lilitukosesha usingizi, kwani hakusema kwa ajili yake peke yake. Wengi wetu hudhani upendo wa Mungu ni kama mvua: hunyesha juu ya kijiji kizima, wala haimjui mwenye shamba hili au lile. Na wengine, sisi mapadri pamoja nao, humwendea Mungu kama mtu aliyeitwa ofisini na mkubwa wa serikali: twavaa vizuri, twajikaza, twaomba yaishe upesi.

Tutawapa habari za kijana aliyekuwa na woga huo. Jina lake Maurice Bellière, mzaliwa wa Caen, Ufaransa, mwaka 1874. Mama yake alikufa punde baada ya kumzaa, baba akamwacha, akalelewa na jamaa. Alipokuwa seminarini, mwezi wa Oktoba 1895, aliandikia monasteri ya Wakarmeli wa Lisieux akiomba sista mmoja amsaidie kwa sala. Mkubwa wa monasteri alimchagua Sista Tereza wa Mtoto Yezu, mwenye miaka 22, ambaye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Hawakuonana kamwe hapa duniani, waliandikiana tu. Mwaka 1897 Tereza alikuwa mgonjwa sana wa kifua kikuu, na Maurice akaingiwa na hofu ya ajabu. Aliogopa kwamba Tereza akifika mbinguni ataonyeshwa dhambi zake zote za ujana, na upendo wake utapoa. Angalieni, ndugu: mtu aliyemdhania hivyo rafiki yake, alimdhania Mungu namna gani?

Tereza alimjibu kwa mfano. Baba ana watoto wawili waliomkosea. Mmoja atetemeka na kukimbia. Wa pili ajitupa kifuani mwa baba, aomba radhi, na kwa adhabu aomba abusiwe. Baba ajua vema kwamba mtoto huyo atakosa tena, kesho na kesho kutwa. Hata hivyo hawezi kumsukuma.

Wala Tereza hakuzaliwa na tumaini hilo. Tangu mwaka 1885 aliteswa muda mrefu na wasiwasi wa dhamiri, akiona dhambi hata katika mawazo madogo. Mwaka 1891 padri Mfransisko aliyehubiri mafungo alimwambia kwamba makosa yake hayamhuzunishi Mungu. Moyo wake ukafunguka. Baadaye, aliposinzia katika sala, hakujilaumu tena, kwani wazazi huwapenda watoto wao hata wakilala.

Nanyi akina mama mwajua jambo hili kuliko sisi. Mwaenda shambani asubuhi, mtoto mgongoni katika kitenge. Hachukui kuni, halimi, hateki maji. Anabwabwaja maneno yasiyo na maana, nawe njia nzima wacheka peke yako. Ukiulizwa faida yake, utajibu nini? Mungu aliyekupa moyo huo, je, yeye aliukosa?

Kupendwa hivyo hakuondoi msalaba. Maurice aliingia shirika la Mapadri Weupe, lilelile lililoleta Injili kwenye Ziwa Tanganyika. Alipanda meli kwenda Algeria tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake Tereza akafa. Mwaka 1902 alitumwa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Alirudi kwao mgonjwa, akafa mwaka 1907 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, mwenye miaka 33. Hatupendi kuwaficha mwisho huo. Mtoto wa kilema naye yumo kifuani mwa baba, labda karibu zaidi.

Mama uliyetungojea mlangoni, kama unatusikiliza, fanya hivi jioni ya leo. Kabla ya kulala keti kimya kidogo, usiombe kitu, usihesabu makosa. Saa ya kuyahesabu ipo. Taja jina lako, lile la ubatizo na lile ulilopewa na wazazi, ukijua kwamba Mungu hulitaja kabla yako. Machozi yasipokuja, si neno. Ukishikwa na usingizi, lala. Kesho ukae tena.

Somo lijalo litakuwa juu ya sakramenti ya Kitubio. Tumsifu Yezu Kristu.