MSHAHARA ULIOZIDI: HAKI NA WAJIBU WA MFANYAKAZI
(Maneno ya hotuba kwa wafanyakazi wa Kiganjo na miji ya jirani)



Mwisho wa mwezi ni siku ya furaha katika nyumba ya kila mfanyakazi. Lakini hutokea mara nyingine mtu akaupokea mshahara wake na kuuona umepungua nusu, au asiuone kabisa. Akiuliza, karani humjibu kwa maneno machache: "Ulilipwa zaidi tangu mwaka jana, na sasa fedha hizo zinarudishwa." Watoto wangojea karo, mwenye nyumba angojea kodi, naye mfanyakazi hajui kama aliyoambiwa ni kweli, wala kama ana haki ya kuuliza zaidi. Jambo hilo ndilo litakaloelezwa hapa.

Kwanza yafaa ukweli usemwe bila kuficha. Fedha ambazo mtu amelipwa kwa makosa si mali yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, yampa mwajiri ruhusa ya kukata katika mshahara fedha zilizolipwa kwa makosa kupita kiasi kilichostahili. Mtu aliyelipwa mara mbili kwa mwezi mmoja, akajua, akanyamaza na kuzitumia, hawezi kujificha nyuma ya sheria. Dawa ya deni ni kulipa.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliyompa mwajiri ruhusa imemwekea na mipaka.

Mpaka wa kwanza: hayo makosa yawepo kweli. Karani akiandika shilingi 32,000 mahali pa shilingi 23,000, hayo ni makosa. Lakini ikiwa mwajiri mwenyewe alikubali kumwongezea mtu posho ya nyumba, akamwandikia barua, na baada ya mwaka akajuta, hayo si makosa ya hesabu bali ni kutaka kubadili mapatano ya kazi. Na mapatano hayabadilishwi kwa kalamu ya mtu mmoja. Sheria yataka mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amwarifu kwa maandishi.

Mpaka wa pili: hesabu ionekane. Wazee wa Nyeri wakumbuka habari za kipande cha miaka ya 1920 na 1930, ambacho mtu alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri ndiye aliyeandika humo kazi ya mtu na mshahara wake, na mwenye kukibeba mara nyingi hakuweza hata kuyasoma yaliyoandikwa. Siku hizi mambo ni mbali. Mfanyakazi aliyeandikwa kwa muda upitao miezi sita, asiye kibarua wala mlipwa kwa kipimo cha kazi, apaswa kupewa hati ya mshahara yenye kuonyesha mshahara wote, kila kilichokatwa na sababu yake, na kiasi kilichobaki. Na shauri likifika mahakamani, mwajiri akashindwa kuyaleta mapatano yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Mpaka wa tatu ndio unaookoa nyumba isilale njaa. Makato yote yakijumlishwa pamoja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Ichukuliwe kwa mfano kwamba karani wa duka hapa Kiganjo hupata shilingi 24,000 kwa mwezi. Theluthi mbili ni shilingi 16,000, basi hana budi kupata mkononi shilingi 8,000 au zaidi. Ikiwa bima ya afya, akiba ya uzeeni na mkopo wa chama cha akiba hukata jumla ya shilingi 10,000, mwajiri hawezi kukata zaidi ya shilingi 6,000 mwezi huo. Deni likiwa shilingi 18,000, halitaisha kabla ya miezi mitatu. Kuuchukua mshahara mzima kwa siku moja ni kuivunja sheria.

Sasa, afanye nini mtu aliyepatwa na jambo hili? Asigombane, wala asiiache kazi kwa hasira. Aandike barua ya adabu akiomba aelezwe ni miezi gani aliyozidishiwa, ni kiasi gani kila mwezi, na makosa yalitokea wapi. Nakala ya barua hiyo aiweke. Akipewa karatasi ya kukubali deni, asitie sahihi kabla ya kuisoma na kuilinganisha na hati zake za mshahara. Akiona hesabu ni sawa, aombe kulipa kidogo kidogo, na mapatano hayo yaandikwe.

Akiona si sawa, na mwajiri hasikii, amwendee mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, au Afisa wa Kazi mjini Nyeri. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi nayo hukaa Nyeri, hivyo watu wa Karatina, Naro Moru na Nanyuki hawana haja ya kusafiri mpaka Nairobi. Lakini asikawie, kwa maana madai ya kazi kwa kawaida hufungwa baada ya miaka mitatu, na mpaka huo wamhusu mwajiri kama umhusuvyo mfanyakazi.

Wengine huogopa kwamba wakilalamika watafukuzwa. Sheria yasema kuwa kumshtaki mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa mashtaka yawe ya ovyo yasiyo na msingi. Hata anayeacha kazi huku anadaiwa, cheti chake cha utumishi hakizuiwi.

Yafaa kukumbusha kwamba askari wa polisi, ambao wengi wao hufundishwa hapa Kiganjo, hawamo katika Sheria ya Ajira. Wao wana sheria yao.

Basi kila mmoja, hata kibarua wa siku moja, na awe na daftari lake nyumbani, aandike siku alizofanya kazi na fedha alizopokea. Mwajiri akija na hesabu yake, naye awe na yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.