Fimbo ya Kujipigia Picha



Nimeombwa niseme juu ya safari, nami nimekuja na fimbo. Msiogope, si ile ya mwalimu wa zamu. Hii hurefuka kama antena ya redio, na simu hubanwa kwenye ncha yake.

Wengi hudhani ni kitu cha juzi. Mjapani Hiroshi Ueda, mhandisi wa kampuni ya kamera ya Minolta, alikuwa Paris, akamwomba mtoto ampigie picha. Mtoto akatoroka na kamera! Ueda akabuni fimbo yake, na mwaka 1983 ikaombewa hataza. Kamera yake ilikuwa na kioo kidogo mbele ili mtu ajione. Haikupata wanunuzi, na hataza ikaisha mwaka 2003, kabla simu za kujipigia picha hazijaenea. Maskini, aliwahi mno.

Mimi kwa kazi ya serikali nimezunguka mikoa mingi, na albamu zetu zimejaa. Yumo mke wangu, wamo watoto, yumo mama. Mimi simo, kwa kuwa ndiye niliyeshika kamera. Siku moja mama aliifunga albamu akauliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa wapi?"

Nikanunua fimbo Kariakoo. Desemba 2019 nilimpeleka mama Bagamoyo, kwenye magofu ya Kaole. Nilipoinyanyua kando ya makaburi yenye minara alicheka hata mtandio ukamwanguka. Hapo ndipo nilipobonyeza. Mwaka uliofuata alifariki. Tangu mahafali yangu ya chuo kikuu, sina picha nyingine tuliyopiga sisi wawili.

Vijana, penye upepo msiirefushe yote, simu itatikisika. Inyanyueni juu kidogo ya macho, maana kamera ikiwa karibu mno pua huwa kubwa kuliko mwenyewe. Na mahali pa watu ulizeni kwanza: mwaka 2015 jumba la Versailles, Ufaransa, na National Gallery ya London zilizipiga marufuku fimbo hizi.

Wenzangu wa mwaka wetu, baada ya chakula tukutane chini ya mwembe. Fimbo ninayo.