Shule za Mahuru: Kiungani na Mbweni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na Wakristo siku ya Jubilei)



Tumepewa kazi ya kunena juu ya shule za kwanza za Misheni huko Unguja, yaani zile walimofundishwa watu waliotolewa katika utumwa. Yamkini mwatazamia tuwahesabie majengo na maaskofu. Tutawataja, lakini kwa haraka, maana neno lililotukaa moyoni ni jingine: mtu akiisha kuwa huru, naye hana baba wala mjomba wala kwao, nani ana amri juu yake, na hata lini?

Mwanzo ulikuwa mdogo sana. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja pamoja na Padri Steere, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Shule ilikuwa hiyo. Miongoni mwao walikuwamo John Swedi na George Farajallah. Yatazameni majina hayo, ndugu. La kwanza ni la Kizungu, la ubatizo. La pili ni la pwani. Jina alilopewa mtoto na mama yake huko bara halimo.

Baadaye wakaja wengi. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi baharini, na Balozi akatoa sehemu ya mateka kwa Misheni wawatunze. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash akakubali kulifunga soko la watumwa. Lakini angalieni: utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya Unguja ila mwaka 1897. Basi kwa miaka mingi watoto wa Misheni walikuwa wakisoma huru, na ng'ambo ya ua wenzao wa kabila moja walikuwa wakilima mashamba ya mabwana.

Wavulana waliwekwa Kiungani; wasichana na watu wazima wakapelekwa shamba la Mbweni. Fikirini sasa, ninyi mnaoandika daftari kila Januari, asubuhi ile mateka wanapofikishwa mlangoni. Umri wao haujulikani. Huyu ni Myao, huyu Mnyasa, yule Mmakua, wala hawasikilizani. Mwingine hataki kula, kwa kuwa alikwisha kuambiwa njiani ya kwamba Wazungu hula watu. Utamwandika nani? Utamweka darasa gani? Steere aliona ya kuwa hapana njia ila lugha moja, akajifunza Kiswahili kwa watu wa Unguja, akaandika kitabu cha sarufi kilichotoka mwaka 1870, akawafundisha wavulana kupanga herufi na kupiga chapa. Hivyo mtoto wa Nyasa alijifunza kusoma kwa lugha isiyo yake wala ya mwalimu wake. Twadhani hilo liliwafaa kuliko mengi, maana hapo wote wawili walikuwa wageni.

Mbweni kazi ilikuwa nzito zaidi. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaiongoza shule ya wasichana hata 1902, wala hakurudi kwao kustarehe: alikaa Unguja mpaka alipokufa mwaka 1926. Uaminifu wa namna hiyo hatuna la kuutoa kasoro. Walakini wasichana hawakutendewa sawasawa. Walioonekana wepesi wa kitabu waliandaliwa kuwa walimu na wake wa walimu. Wengine walitiwa katika kazi za mikono, kulima na kufua na kupika. Na msichana alipofika kuolewa, hapakuwa na mjomba wa kuulizwa, ila Misheni. Misheni ndiyo ililisha, ndiyo ilifundisha, ndiyo ilioza, na kwa watu wazima ndiyo iliyokuwa mwenye shamba. Twasema bila kuwalaumu waliokwisha lala: ni vigumu mtu kujiona huru mikononi mwa mmoja mwenye mambo hayo yote, hata akiwa mwema.

Steere mwenyewe, alipokuwa askofu, aliliona jambo hili. Hakutaka watu wale wawe Wazungu weusi wa Unguja. Alitaka warudi bara. Mwaka 1876 akatoka nao kwa njia ya Lindi, zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake, wakielekea Nyasa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakakaa. Miaka sita hawakuwa na mwenye shamba. Kisha mwaka 1882 Wamagwangwara wakawaangukia, wakaua wengine, wengine wakawateka. Mtu aliyekwisha kutekwa utotoni akatekwa tena akiwa na watoto wake. Wako waliosema baada ya hayo ya kwamba heri wangalibaki Mbweni. Sisi hatusemi hivyo, lakini hatukulala Masasi usiku ule.

Na je, amri ilirudishwa lini? Swedi na Farajallah walipewa ushemasi mdogo mwaka 1870. Farajallah akafa mwaka huo huo. Padri wa kwanza Mwafrika wa Misheni ile, Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani akali mtoto, akasoma Kiungani, alipata upadri mwaka 1890. Miaka ishirini! Akaongoza kazi ya Chitangali pamoja na mkewe Lucy, mwalimu aliyelelewa Mbweni, na watu wakaja kwa wingi, mbali na jicho la mkuu wa shule ye yote.

Neno moja tena. Wavulana wa Kiungani waliulizwa waeleze walivyotekwa, na habari zao zikapigwa chapa mwaka 1887. Hapo ndipo wanapotaja vijiji vyao, na mama zao. Habari hizo zilitiwa katika Kiingereza, kwa wasomaji wa Uingereza.

Nasi katika usharika wetu, miaka michache iliyopita, tulipokuwa tukiandika wakatekumeni, tulimwuliza mzee mmoja ukoo wake. Akanyamaza. Tukauliza tena, kwa haraka ya karani, maana wengine walikuwa wakingoja. Akasema, "Andikeni Mbweni." Tukaandika.