TUANDIKE WENYEWE HABARI ZA ASALI YETU

(Mazungumzo na vikundi vya wafuga nyuki)

Ndugu wafuga nyuki,

Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini kwa mnunuzi anayekiona. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam haioni asali yetu ya Sikonge. Haionji wala hainusi. Anachokiona ni maneno tu kwenye simu yake. Maneno yakiwa mabaya, asali nzuri inalala ghalani. Mwisho tunamwachia mlanguzi kwa bei anayotaka yeye.

Siku hizi hata kikundi kidogo kinaweza kuwa na tovuti, yaani ukurasa wake kwenye intaneti. Tovuti ni kama ubao wa matangazo wa kijiji, ila unasomwa na watu wa mbali. Kijana anayejua kompyuta atatutengenezea ubao huo. Lakini yeye hajui kurina asali. Maneno ya kubandika pale lazima yatoke kwetu sisi tunaoijua kazi. Kusoma na kuandika tumejifunza. Basi tuitumie elimu hiyo.

Sasa tuandike nini? Wengi huanza hivi: "Sisi ni bora kuliko wote. Asali yetu ni nzuri sana." Haya, na jirani yetu ataandika nini? Yaleyale! Mnunuzi hajapata kitu. Yeye ana maswali. Ni asali gani? Imetoka wapi? Imerinwa lini? Ni kiasi gani, na bei gani? Nitaipataje? Tumjibu hayo kwanza, kwa sentensi fupi, maana kioo cha simu ni kidogo.

Tuone mfano:

ASALI YA NYUKI WAKUBWA, MISITU YA MIYOMBO, SIKONGE. Imerinwa mwezi wa Juni. Imechujwa, haikuchemshwa. Chupa ya kilo moja, shilingi ...... Ndoo ya lita 20, yenye kilo 28, shilingi ...... Tunatuma kwa basi kila Jumatano. Piga simu namba ......

Hapo hatukujisifu hata kidogo, lakini mnunuzi anaweza kuamua.

Tazameni hesabu ya ndoo. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya asali ina karibu kilo moja na gramu 400. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi. Anayeiuza kwa hesabu ya kilo 20 ametoa kilo 8 bure. Basi tupime kwa mizani, na uzito tuuandike.

Jambo jingine ni kuondoa mashaka ya mnunuzi. Asali ikikaa, hasa penye baridi, huganda na kuwa na chengachenga. Mtu wa mjini akiona hivyo husema, "Hawa wametia sukari." Tumweleze mapema: "Asali safi nayo huganda. Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, italainika." Sentensi mbili tu, na ugomvi umekwisha.

Tena, tusiandike uongo. Tusiseme asali yetu inaponya kisukari. Asali nayo ina sukari nyingi. Mgonjwa akituamini na kuacha dawa, tutakuwa tumemdhuru. Tusiseme tuna alama ya ubora ya TBS kama hatujapewa. Lakini onyo la kweli tuliandike: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, maana inaweza kumletea ugonjwa mbaya. Mnunuzi akiona tunamwambia hata hilo, atatuamini na mengine.

Mwisho, ubao usiachwe uchakae. Bei ikibadilika, tuibadilishe siku hiyohiyo. Asali ikiisha, tuandike imeisha, na mwezi tutakaorina tena. Mtu akituma fedha kisha asipate mzigo, hatarudi, na atawaambia wenzake. Jina litakaloharibika ni la kijiji kizima.

Ndugu, kila kikundi kiandike habari za asali yake kwenye daftari. Tusomeane kwa sauti. Neno ambalo msikilizaji halielewi, tulifute. Neno ambalo si la kweli, tulifute pia. Yatakayobaki ndiyo tumpe kijana wa kompyuta.