Chango Gani Hilo la Siku Nne?

Msikilizaji wa Ulaya yetu, Kilosa na Mikumi! Najua saa hizi redio umeitundika kwenye tawi, jembe liko mkononi. Palilia, lakini sikiliza.

Tumbo limejaa kama ngoma. Choo hakitoki, hata upepo hautoki. Mgonjwa anatapika. Nyumbani wanasemaje? "Chango hilo!" Mizizi inachemshwa. Kesho anapigwa bomba la maji ya sabuni. Keshokutwa anaitwa shangazi mwenye dawa kali ya kuharisha. Siku ya nne ndipo bodaboda inatafutwa. Chango gani hilo la siku nne?

Utumbo mpana hujisokota kama kamba ya kisimani. Ukijisokota, damu haipiti. Damu isipopita, utumbo unaoza. Na wewe hapo unamnywesha dawa ya kuharisha, njia imefungwa! Utumbo utapasuka, kinyesi kimwagike tumboni.

Halafu mnaniuliza: mbona fulani hakufanyiwa ule upasuaji wa matundu madogo, wakamchana kutoka juu ya kitovu hadi chini? Tuelewane. Katika upasuaji ule tumbo hujazwa gesi, kamera ikapenyezwa kwenye tundu, daktari akawa anatazama kwenye skrini. Muhimbili wanaufanya. Mwaka 2004 Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana, kutoka hospitali 48. Wa matundu waliishi sawasawa na waliochanwa, na wakatoka wodini siku ya tano, wenzao ya sita. Vizuri. Lakini wale hawakuwa na utumbo ulioziba wala uliotoboka. Mgonjwa wetu wa siku nne hakuwemo humo! Tumbo lililovimba namna ile, kamera itapita wapi?

Na saratani yenyewe, ambayo nayo huweza kuziba utumbo, haianzi jana. Huanza kama kinyama kidogo, kikakaa miaka. Unaona damu chooni, unasema bawasiri, unanunua dawa ya kupaka mnadani kwa mwenye kipaza sauti. Baba mmoja alipaka miaka miwili. Hakuwahi kupimwa, hata kwa kidole tu. Aibu, alisema. Aibu ya dakika moja! Siku hizi haja yake inatokea ubavuni, kwenye mfuko. Mfuko msiuogope, wengine huja kufungwa baadaye. Mimi naililia ile miaka miwili.

Kuna anayenijibu kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Ulaya ipi, ya Mbuyuni au ya Kibaoni? Kilosa ipo hospitali ya wilaya, Mikumi ipo Mtakatifu Kizito. Masika barabara ni tope, najua. Basi si ndiyo uwahi kuondoka?

Na aliyepasuliwa kwa matundu asidhani kapasuliwa kidogo. Ndani amekatwa, akaungwa. Nimemwona mama, wiki ya pili tu, kajitwisha ndoo ya lita 20 kwa sababu "kidonda ni kidogo". Nilimtua mwenyewe.

Nirudi kwenye lile tumbo. Limevimba, upepo hautoki: usimpe chakula, usimnyweshe kitu, bomba liweke chini. Piga simu bodaboda aje sasa hivi, siyo mkimaliza kikao cha ukoo. Na wewe shangazi wa mizizi, najua unanisikia. Panda nyuma ya mgonjwa umshike.