KAZI IKO KULE, MTU YUKO HUKU
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Songea



Tulianza wanawake 15 na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Leo tuko 42. Mahesabu ya hisa na mikopo atayasoma Mweka Hazina. Sisi tutasema jambo moja tu, ambalo limetusumbua miaka yote kumi: kazi iko kule, na mtu anayeitafuta yuko huku.

Jambo hili si geni Songea. Babu zetu walilijua. Wakati wa mkoloni kodi ilidaiwa huku, lakini kazi ya mshahara ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kutafuta watu, kikajulikana kwa jina la SILABU. Watu waliandikishwa, wakapewa namba, wakapakiwa kwenye malori. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, mpaka utimize siku 30. Wengine walirudi na blanketi, wengine hawakurudi kabisa, na bibi zetu wakabaki na jembe na watoto. Hatusemi zamani zile zilikuwa nzuri, la hasha! Tunasema hivi tu: mwenye shamba alipotaka mtu, alimtafutia na gari. Siku hizi anayetaka kazi ndiye anayejigharamia safari, naye hana kitu.

Hebu tuhesabu. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Kuna nauli, chakula cha njiani, mahali pa kulala, na chakula cha mwezi mzima kabla ya mshahara wa kwanza. Hata humu mkoani ni vile vile. Mbinga ni kama kilomita 100 tu. Msimu wa kuchuma kahawa wenye mashamba wanatafuta watu, na huku Lizaboni na Bombambili vijana wamekaa vijiweni. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa tangu 2011, na malori yanapita hapa mjini kwenda bandari ya Mtwara. Vumbi tunalipata, kazi inapita. Lami ipo, lakini anayeifaidi ni mwenye nauli. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga hata kilomita 10 ni mbali, maana mtoto atabaki na nani?

Sasa tuseme la kwetu, kwa sababu sherehe isiyo na ukweli ni ngoma tu.

Mwaka wetu wa tatu mwanachama mwenzetu mmoja alikopa ili ampeleke binti yake Dar es Salaam. Kuna mtu aliahidi kazi ya hoteli. Binti alifika kituoni, akapiga simu, simu imezimwa. Alilala pale pale usiku ule. Asubuhi mama mmoja muuza chai akamhurumia, akakaa naye mpaka tulipopata nauli ya kumrudisha. Mkopo ukachelewa miezi minne. Katiba yetu ilisema dhamana ichukuliwe. Basi tukaenda watu watano nyumbani kwa mwenzetu, tukabeba cherehani yake.

Kwa maandishi tulikuwa na haki. Lakini ilikuwa Desemba, sare za shule ndiyo zinashonwa, na yeye amekaa mikono mitupu. Ile kazi ya Dar es Salaam haikuwapo. Kazi iliyokuwapo ilikuwa barazani kwake, nasi tukaibeba kichwani tukaondoka nayo! Hata hivyo hakuacha mkutano hata mmoja. Alikaa nyuma, akauza mihogo, akalipa kidogo kidogo. Baada ya wiki saba tuliirudisha cherehani na kumwomba radhi mbele ya wote. Sare tulizovaa leo ameshona yeye. Wanachama wawili walitukasirikia kwa jambo lile, wakatoka, hawajarudi. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mlango wetu uko wazi kwao.

Kutokana na kosa hilo tulibadili katiba. Kwanza, chombo cha kazi hakiwi dhamana, iwe cherehani, jiko la mandazi au jembe. Pili, mkopo wa safari hautoki mpaka ndugu au rafiki aliyeko huko aende mwenyewe akaione kazi, na nauli ya kurudi inabaki sandukuni. Tatu, kwenye kahawa tunakwenda kwa kundi. Tunapatana na mwenye shamba kabla ya safari: debe kwa shilingi ngapi, na tunalala wapi. Wazee wetu wanabaki na watoto kwa zamu, nao wanapata fungu lao. Marejesho yanasubiri mwisho wa msimu. Msimu uliopita walikwenda 11, wakarudi 11, na mikopo yote imelipwa.

Ndugu mgeni rasmi, tunayo maombi mawili. Nafasi za kazi za migodini na mashambani zibandikwe kwenye ofisi za kata, tusizisikie kwa matapeli. Na waajiri wa mkoa huu wanapohitaji watu wengi, watume gari. Babu zetu walitumiwa gari ili wakatumikishwe. Sisi tunaomba gari na haki zetu pamoja.

Akina mama wenzetu, tusiwakataze watoto wetu kusafiri. Ila kabla hatujamfungia mtoto mizigo, tuulize kwanza: kazi hiyo nani ameiona kwa macho?

Akina mama, hoyee!