Leman na Wenziwe: Maneno ya Mahaba Yaliyovunjiwa Heshima



Mtu asomaye tungo za mahaba za Waingereza wa kale hukutana na maneno ambayo kamusi za leo huyafasiri kwa ukali, naye asipotahadhari huwadhania wazinzi watu ambao mtunzi alikusudia kuwaadhimisha. Neno linisikitishalo kuliko yote ni leman. Liliundwa kwa leof, yaani azizi, na mann, ambalo zama hizo lilimaanisha mtu, awe mume au mke. Kwa hiyo leman alikuwa mahabubu tu, pasi na doa, na wacha Mungu wa zama za kati hawakuona haya kumwita hivyo hata Yesu Kristo katika nyimbo za ibada. Lakini mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilikuta limekwisha kushushwa: katika Hadithi za Canterbury msimulizi mmoja atamka wazi kwamba mke wa kabaila akimkhini mumewe huitwa bibi wa mpenzi wake, na mke wa maskini atendaye lile lile huitwa leman, ilhali baina ya matendo hayo hapana tofauti.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Maneno haya hayakuuawa na uzee. Yaliuawa na hukumu, na hukumu hiyo aghalabu iliwaangukia wanawake. Paramour, lililotokana na Kifaransa kwa maana ya “kwa mapenzi”, lilitwezwa vivyo hivyo. Mistress alikuwa mwanamke mwenye amri nyumbani, kisha akawa mwenye kuutawala moyo wa mshairi, hatimaye akawa hawara. Na mwenziwe wa kiume, master, hakupatwa na fedheha hiyo hata siku moja.

Habari za uzuri wa sura nazo zina dhuluma yake. Fair lilikuwa jina la jamali kwa jumla, hata likaja kuvishwa pia maana ya weupe wa ngozi, na Shakespeare, katika tungo zake zilizochapwa mwaka 1609, alisimama kumsifu mwanamke mweusi wa macho na nywele, akaipinga desturi iliyomnyima jina hilo.

Lakini troth, yaani ahadi ya uaminifu, nduguye truth, limesalimika kwa kuwa Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kililiweka katika kiapo cha ndoa, na baadhi ya maarusi wangali wakilitamka.

Nawasihi basi wanafunzi wetu: mkifungua Emma ya Jane Austen, iliyotoka Desemba 1815, mkasoma jinsi kasisi Elton alivyomfanyia Emma mahaba ndani ya gari la farasi, msistaajabu. Make love zama hizo ilimaanisha kubembeleza kwa mapenzi; alikuwa akimposa kwa maneno, basi. Tazameni kwanza mwaka wa kitabu, mpime neno kwa mizani ya zama zake, ndipo mumhukumu mtu.